Jogoo 20,000

Kanisa letu limejaa. Wenzangu hulisema hilo kama ushuhuda, mikono juu. Mimi nalisema kama malalamiko. Nilikuwa na sehemu yangu pale ndani, benchi la tatu kutoka nyuma, ubavuni mwa dirisha, chini ya feni pekee inayozunguka. Sikuwa na hati yake, lakini kila mtu alijua. Siku hizi nikifika ibada ya pili nakuta pamekaa baba, mama, watoto wanne na shangazi mmoja mpana, wageni kabisa. Wananitazama kwa upole wa Kikristo na hakuna hata mmoja anayesogea. Mzee wa zamu ananishika bega, ananipeleka nje kwenye turubai.

Huko turubaini kuna viti vya plastiki ambavyo ukikaa tu mguu mmoja unazama mchangani, ukabaki unasikiliza Neno umeinama upande kama mtu anayechungulia kisima. Mahubiri yanatufikia kwa spika. Barabara nayo iko pale pale, kwa hiyo yanachanganyika na ya muuza samaki mwenye kipaza sauti chake, na kuna Jumapili sikujua ni nani kati yao aliyetuhimiza tuje mapema, mlango haujafungwa.

Wa kulaumiwa ni hao hao wanaohamia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Milioni moja na ushee ndani ya miaka kumi, na kwa msongamano ninaouona Jumapili, nadhani wengi ni Walutheri na wamenunua viwanja jirani na kwangu. Utaratibu wao unajulikana. Mtu anatoka Moshi, Bukoba au Iringa, anapanga chumba mjini, anajibana, anapata kiwanja huku pembezoni ambako daladala hufika kwa kusitasita, anajenga, anahamia kabla ya madirisha. Jumapili inayofuata yuko kanisani na barua ya utambulisho ya usharika wake wa zamani. Kanisa tulilonalo lilijengwa huku kukiwa mikorosho mitupu. Waliolijenga walihesabu waumini waliokuwapo, wakaongeza nafasi kidogo kwa imani. Imani yao ilikuwa ndogo.

Basi ukaitishwa mkutano mkuu wa usharika. Tangazo lilisomwa Jumapili nne mfululizo: washarika wote wafike kuamua iwapo tujenge kanisa jipya au tusijenge. Kuamua. Nilifika na kalamu. Pale uwanjani tunapoegesha pikipiki nikakuta tripu mbili za mchanga na moja ya kokoto zimeshamwagwa, na watoto wa Shule ya Jumapili wameshaziparamia wakiteleza na nguo zao nyeupe. Nikamuuliza mjumbe mmoja wa kamati mchanga huu ni wa nini, na sisi ndiyo kwanza tumeitwa kuamua.

“Ni wa imani, mzee wangu,” akaniambia.

Ndani, baada ya sala, pambio na sala nyingine, mhandisi kijana akatundika ramani ukutani. Nzuri, siwezi kusema uongo. Ina ghorofa ya kwaya, mnara, na waumini wadogo wadogo waliochorwa wakitembea mlangoni, wembamba wote, hakuna aliyebeba mtoto. Kiwanja chetu hakitoshi kuweka jengo hilo pembeni, kwa hiyo akatueleza mbinu ambayo makanisa mengi nchini yameitumia: kuta mpya zinainuliwa kuzunguka kanisa la zamani, watu wanaendelea kusali ndani, na jengo jipya likishapauliwa, lile la zamani linabomolewa kwa ndani, kifusi kinatolewa mlangoni. Ni mbinu ya akili. Nikauliza turubai litakuwa wapi kwa muda wote huo. Akaangalia ramani yake. Akasema litakaa kati ya kuta mbili, ya zamani na mpya. Kwa maneno mengine, mradi wa kunitoa turubaini utaanza kwa kunifungia humo humo, bila upepo, kwa miaka ambayo hakuitaja.

Halafu likaja neno la mafundi. Ni lazima ujue kwamba mkutano ule ulikuwa na mhandisi mmoja mwenye cheti na wengine zaidi ya mia mbili wasio nacho. Huku kwetu kila mwenye nyumba anajenga. Kuna waliofika kwenye lenta miaka sita iliyopita na wako kwenye lenta mpaka leo. Kila mmoja ameibiwa saruji, kila mmoja amefukuza fundi, kila mmoja ana fundi mwingine aliye mwaminifu sana ambaye kwa bahati mbaya ni shemeji yake. Kwa hiyo mhandisi alipotaja nondo za milimita 16, mikono ikapanda ukumbi mzima. Mmoja akasema 12 zinatosha, kwake ameweka 12. Mwingine akauliza kama udongo umepimwa, maana kwake nyumba imepasuka kuanzia jikoni mpaka sebuleni. Baba mmoja alieleza historia ya msingi wake tangu kamba ya kwanza, na alipokaa tulikuwa tumeshajua idadi ya mawe.

Mama mmoja wa umoja wa wanawake akasimama, akauliza swali moja tu: ufunguo wa stoo ya saruji atakaa nao nani?

Ukumbi ukanyamaza. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akasema swali hilo ni zuri na litajibiwa kwa wakati wake. Naamini ndilo swali pekee la kiuhandisi lililoulizwa siku ile.

Mwalimu mstaafu wa historia, ambaye hukaa mbele na hasinzii, akamuunga mkono mama yule. Akatukumbusha kanisa la Anglikana la Mkunazini kule Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1873 na msimamizi alikuwa Askofu Edward Steere mwenyewe. Mpaka leo watalii wanaonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, na aliporudi akakuta kazi imekwisha. “Na huyu,” mwalimu akasema, “ni mtu aliyekiandikia Kiswahili kitabu cha sarufi. Msidhani hakuelewana na mafundi.”

Mwenyekiti aliona upepo unageuka, akafungua Biblia. Alikwenda moja kwa moja kwa nabii Hagai, pale Mungu anapowauliza watu wake kama ni haki wao kukaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku nyumba yake ikiwa gofu. Hagai ndiye nabii mpendwa wa kamati za ujenzi. Kitabu chake kina sura mbili tu na nina hakika wenyeviti wengi hawajafika ya pili. Sina ugomvi na nabii. Lakini mimi nyumba yangu haina hata silingi bodi. Usiku nikilala chali naona kenchi zote, na panya akipita namjua kwa mwendo. Kama kuna mwenye nyumba ya mapambo asimame yeye. Hakusimama mtu, ingawa macho kadhaa yalimtembelea mwenyekiti, ambaye geti lake lina simba wawili.

Ndipo mwalimu akaomba nafasi kwa mara nyingine, na hapo akatoa jambo ambalo limenikaa kichwani tangu siku ile. Alituuliza kama tunajua sisi Walutheri tulitoka wapi. Kijana mmoja wa kwaya akajibu Ujerumani. Mwalimu akasema hapana, tulitoka kwenye mchango wa ujenzi.

Na ni kweli, mtu mzima nimekaa humu kanisani sijawahi kulifikiria. Mwaka 1506 Roma walianza kulijenga upya kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Fedha zikahitajika, nyingi. Papa Leo wa Kumi akaruhusu vyeti vya msamaha viuzwe, na kule Ujerumani akatokea mhubiri aitwaye Johann Tetzel, ambaye kama angezaliwa huku kwetu angekuwa mshereheshaji wa harambee kila wilaya. Luther akachoka. Mwaka 1517 akatoa hoja zake 95, nyingi za kiteolojia na nzito, lakini ukifika hoja ya 86 unamkuta analalamika kama msharika wa kawaida baada ya ibada: Papa ana mali kuliko matajiri wote, kwa nini asijenge kanisa hilo moja kwa fedha yake, badala ya fedha za waumini maskini? Nilipiga makofi peke yangu. Mke wangu akanibana kiwiko.

Mchungaji, ambaye ni mtu mwenye busara na aliyekuwa na njaa kama sisi, akasema kwa upole kwamba Luther alipinga kuuza msamaha, hakupinga kujenga. Na kwamba ahadi ya mfuko wa saruji haimpunguzii mtu siku hata moja ya toharani, kwa kuwa sisi toharani hatuna. Watu wakacheka, hoja ikapita. Lakini mimi nilibaki na Luther wangu. Kanisa lililozaliwa kwa kukataa mchango wa ujenzi sasa linanipa bahasha tano: ya sadaka, ya ahadi, ya jengo, ya shukrani, na moja ya kahawia ambayo sijajua ni ya nini lakini ina jina langu.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe. Gharama ni bilioni moja na kidogo. Hiyo “kidogo” haikufafanuliwa. Kamati ilipoulizwa itatoka wapi, ikataja harambee, mgeni rasmi ambaye bado anatafutwa, ahadi za jumuiya, na mnada.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika kwenye mnada wetu, niseme kidogo. Watu huleta mali badala ya fedha taslimu, yaani mkungu wa ndizi, trei ya mayai, mahindi, fenesi, na daima jogoo. Ibada ikiisha, nje pale mlangoni, mali inapigwa mnada. Jogoo ambaye sokoni anauzwa bei ya jogoo, kanisani anapanda mpaka elfu 50, kwa sababu wanaoshindana ni mabaraza, umoja wa wanaume hautaki kushindwa na umoja wa wanawake, na kwa sababu kila mtu anaangaliwa. Akishanunuliwa, mnunuzi anasema, “Namrudisha.” Jogoo anapigwa mnada upya. Nimemwona jogoo mmoja akiuzwa na kurudishwa mpaka akasinzia mikononi mwa mzee wa kanisa. Ni mfumo wa fedha ambao benki hazijaugundua, mali moja kuuzwa mara tatu mchana kweupe, na wote tukaenda nyumbani tukibarikiwa.

Nikachukua kalamu yangu ile ya kuamulia. Bilioni moja gawanya kwa elfu 50 ni jogoo 20,000. Tukiuza jogoo mmoja kila Jumapili bila kukosa, hata Jumapili za mvua, tutamaliza baada ya miaka 384. Nikampelekea mwalimu karatasi. Akaisoma, akatikisa kichwa, akanong’ona kwamba si mbaya: kanisa kuu la Köln kule Ujerumani lilianza mwaka 1248 likakamilika 1880, miaka 632. Kazi ilisimama karne kadhaa, na winchi ya mbao ikabaki juu ya mnara ambao haujaisha, vizazi na vizazi vikiitazama. Kwa kasi ya jogoo tutawashinda Wajerumani kwa zaidi ya karne mbili. Mwenyekiti naye, kwa kutotaka kushindwa, akasema Sulemani alimaliza hekalu kwa miaka saba. Mwalimu hakuinua hata kichwa: “Na nyumba yake mwenyewe miaka 13.” Macho yakarudi tena kwenye lile geti la simba.

Mimi nilikuwa na pendekezo, na bado ninalo. Waumini wengi wanaotujazia wanatoka bondeni kule ng’ambo ya mto mkavu, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na mvua ikinyesha mto si mkavu tena na hawaji kabisa. Tuwafungulie mtaa huko huko. Eneo la kawaida, bati, benchi, mwinjilisti mmoja. Usharika wetu wenyewe ulianza hivyo, kama mtaa wa usharika mwingine, chini ya mkorosho. Gharama yake si ya jogoo 20,000. Jogoo wachache wenye bidii wangetosha. Na benchi langu lingerudi, ingawa hilo sikulitaja mkutanoni.

Pendekezo lilipokelewa kwa heshima kubwa na likauawa kwa heshima hiyo hiyo. Kwaya ilisema haiwezi kugawanywa, sauti ya nne yote inakaa bondeni. Mjumbe mmoja akasema mtaa utapunguza hadhi ya usharika, neno ambalo sikuliona kwenye Biblia ya mwenyekiti. Lakini sababu yenyewe aliitoa mweka hazina baadaye, nje, huku akitazama pembeni: mtaa ukikua unakuwa usharika, na ukishakuwa usharika unaondoka na matoleo yake. Watu wa bondeni ndio watoaji wazuri. Wana njaa ya kanisa, hawajachoka kama sisi. Ukiwafungulia mlango wao, saruji ya mnara itanunuliwa na nani?

Hapo nikaelewa nilichokuwa nakiona miaka yote. Tunasema kanisa linakua, tunamaanisha benchi limejaa na kikapu ni kizito. Kikapu kikigawanyika mara mbili na watu wakawa mara tatu, hatusemi limekua, tunasema tumepungukiwa. Watu wa bondeni waendelee kuvuka mto, sisi tutawajengea ghorofa.

Vijana nao wakapendekeza ibada ya tatu. Jengo tunalo, Jumapili ina saa nyingi, kwa nini tujibane kwenye ibada ya pili wakati ya kwanza, ile ya saa moja asubuhi, ina nafasi ya kulala? Swali zuri, na jibu kila mtu alilijua: ibada ya pili haiishi. Mahubiri yanaisha, matangazo hayaishi. Ukipunguza matangazo unapata ibada ya tatu bure, bila nondo hata moja. Hakuna aliyethubutu kulisema, kwa sababu msoma matangazo alikuwa ndiye katibu wa mkutano, na kalamu ya kumbukumbu ilikuwa mkononi mwake.

Bibi mmoja mzee akauliza kuhusu choo. Tuna matundu mawili kwa umati wote ule, na moja halina mlango. Mwenyekiti akamjibu kwamba choo kiko kwenye awamu ya tatu. Bibi akasema yeye hawezi kusubiri awamu ya tatu, na kwa kweli akatoka hapo hapo.

Ikafika kura. Mchungaji akauliza nani anaunga mkono ujenzi. Mikono yote ikapanda, pamoja na ya mwalimu. Nani anapinga? Kimya. Nilitazama huku na huku nikaona nyuso za watu ambao nusu saa nyuma walikuwa wananinong’oneza kuwa huu ni wazimu. Kusema “hapana” mbele ya jengo la Mungu ni kazi ngumu. Mkono wenyewe unakuwa mzito, na shemeji yako anakuona. Lakini “hapana” haikupotea. Iko ndani ya bahasha ya jengo, itakayorudi ikiwa na elfu mbili, au haitarudi. Piga safari kutoka hapa mpaka Morogoro utayaona makanisa ya madhehebu yote yaliyopita kwa kauli moja: kuta zimesimama, nondo zimetoka juu zikielekea mbinguni, kutu imeshazila, na mbuzi wamelala pale patakapokuwa madhabahu. Kura zilizohesabika zilikuwa hizo nondo. Huko nyuma Musa alipochangisha kwa ajili ya maskani, watu walileta kupita kiasi mpaka akatangaza waache. Nimepekua, sijaona kamati nyingine ya ujenzi katika historia iliyowahi kutoa tangazo hilo.

Na mimi? Nilijiandaa kujizuia. Nilikaa mikono kifuani wakati mshereheshaji akipita na daftari la ahadi. Sikumwona mke wangu anasimama. Nilimsikia tu akitamka, kwa sauti inayofika bondeni, kwamba familia yetu inaahidi nondo 20, za milimita 16, na mkutano mzima ukapiga vigelegele, kwaya ikaanza pambio, na aliyenipiga mgongoni kwa furaha alikuwa yule baba wa familia iliyokalia benchi langu. Yeye aliahidi tano, za 12.

Juma lililofuata nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kuulizia. Muuzaji akatoa bei. Nikamwambia ni za kanisa, nikitegemea huruma. Akachukua kikokotoo, akapiga upya, bei ikapanda. Nikauliza imekuwaje. Akanieleza bila kinyongo kwamba bei ya kanisa iko juu kidogo, kwa kuwa watu wa kanisa wakishaahidi hadharani hawaombi punguzo, na kwamba nisiwe na wasiwasi na usafiri, ataziweka kwenye lori lake moja na mchanga wa tripu ya tatu. Yeye pia ni mjumbe wa kamati.